Mmomonyoko wa Meno na Siri ya Kujitapisha: Kwa Nini Tiba Isisubiri Ungamo

Upande wa ndani wa meno ya mbele ya juu, ule unaotazama ulimi, mtu hauoni anapojitazama kwenye kioo. Ndipo bulimia inapoacha alama zake za kwanza. Mgonjwa hula chakula kingi mno kwa siri, kisha hujitapisha. Kila anapotapika, asidi ya tumbo yenye pH ya kati ya 1 na 3 hupanda na kupiga upande huo, na enameli huanza kuyeyuka pH inaposhuka chini ya 5.5 hivi. Meno ya chini husalimika kwa kiasi, kwa kuwa ulimi huyafunika. Miaka ikipita, ncha za meno ya mbele huwa nyembamba na kumeguka, magego hupoteza vilele vyake, na vijazio vya zamani hubaki vimechomoza kama miamba maji yanapokupwa. Enameli ikishaondoka hairudi, maana seli zilizoijenga hutoweka jino linapoota. Dentini inayobaki wazi imejaa vijifereji vyenye majimaji. Baridi au utamu ukiyasukasuka majimaji hayo, neva iliyo ndani hushtuka. Ndiyo ile ganzi inayomfanya mtu anywe soda ya baridi kwa upande mmoja wa mdomo na kulikwepa embe bichi.

Kwa hiyo daktari wa meno mara nyingi hujua, au angalau hushuku, kabla mgonjwa hajafungua moyo. Elimu hii si ngeni. Hellström wa Sweden alichapisha maelezo ya meno ya wagonjwa wa anoreksia wanaotapika mwaka 1977, miaka miwili kabla Gerald Russell wa London hajaipa bulimia jina lake la kitabibu. Swali gumu ni afanye nini na ujuzi huo mbele ya mtu aliyekaa kitini kwa aibu. Naona makosa mawili yanayofanana kuliko yanavyoonekana: kunyamaza kwa kisingizio cha staha, na kudai mgonjwa aungame na kuacha kutapika kwanza ndipo atibiwe. Yote mawili humrudisha nyumbani na maumivu yake.

Staha hiyo kwetu huimarishwa na imani kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu. Ushahidi unaipinga. Anne Becker aliwachunguza wasichana wa shule huko Fiji mwaka 1995, televisheni ilipokuwa ndiyo kwanza imeingia, na tena mwaka 1998. Katika duru ya kwanza hakuna aliyesema hujitapisha ili apunguze uzito. Katika ya pili walikuwa asilimia 11.3. Kwa upande wetu, Kamryn Eddy na wenzake walichapisha mwaka 2007 utafiti juu ya wanawake wa Tanzania, nao wakaona uhusiano kati ya dalili za ulaji uliovurugika na vyombo vya habari vya Magharibi. Liko pia jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji. Katika jamii iliyoona watu wengi wakikonda kwa UKIMWI, wembamba wa ghafla huzua minong'ono; lakini mgonjwa wa bulimia mara nyingi ana uzito wa kawaida, na hakuna anayemuuliza lolote. Hata mashavu yanayovimba kwa sababu ya tezi za mate hudhaniwa kuwa matumbwitumbwi, au afya njema tu.

Basi aulizwe, lakini namna ya kuuliza ina uzito wake. Swali la kutapika likirushwa peke yake, papo hapo, husikika kama shtaka. Afadhali daktari aanze na jino lenyewe: amwonyeshe mgonjwa kwa kioo kidogo au picha, amweleze kwamba huu ni mmomonyoko wa asidi wala si uchafu wala kuoza, kisha ataje vyanzo vyote kwa sauti ileile. Soda, juisi ya ukwaju, ndimu, kiungulia cha muda mrefu, kutapika kwa mimba, kujitapisha. Vyanzo hivi vyote vipo kweli katika kliniki zetu, kwa hiyo orodha hii ni sehemu ya uchunguzi, na ndani yake mgonjwa hupata mlango wa kuingilia. Mama au mume aliyemsindikiza aombwe kusubiri nje kabla ya mazungumzo hayo. Asipojibu siku hiyo, tiba iendelee. Atarudi, na swali litakuwa limekwisha kumfikia.

Wanaodai kutapika kukome kwanza wana hoja ya kitaalamu: asidi itaendelea kula jino pembezoni mwa kazi mpya, na taji la gharama kubwa litaharibika. Kwa mataji, nakubaliana nao, tena kuyatengeneza kunahitaji kuchonga jino ambalo tayari limepungua. Lakini kati ya taji na kutofanya chochote kuna mengi. Dawa ya meno yenye floridi nyingi, vanishi ya floridi na kufunika dentini kwa kijazio cha rangi ya jino hupunguza ganzi na kukinga kilichobaki, na kijazio kikimeguka hurekebishwa. Kusubiri nako kuna hasara yake: meno yaliyosagika huendelea kuchomoza kufuata wenzao wa taya la pili, na nafasi ya kuyajenga upya huzibika. Bjørn Dahl wa Norway alionyesha mwaka 1975 kwamba nafasi hiyo hurudishwa kwa kuinua mng'ato kwenye meno ya mbele na kuacha ya nyuma yakutane yenyewe baada ya miezi, bila kuyachonga. Hospitali nyingi za wilaya hazina fundi wa kazi hiyo, na jino linalouma huishia kung'olewa. Ni sababu zaidi ya kuanza na hatua ndogo mapema.

Hata anayeendelea kutapika ana haki ya kuelezwa la kufanya: asipige mswaki papo hapo, asukutue kwa maji au maji yenye kijiko cha soda ya kuokea, atumie floridi kabla ya kulala. (Si magadi ya kupikia maharage, ambayo mara nyingi hubeba floridi isiyopimika.) Wapo watakaosema ushauri huo unahalalisha ugonjwa. Sioni hivyo. Mtu huyu amekwisha kuhukumiwa vya kutosha na nafsi yake mwenyewe, na jino halisubiri apone.

Ukweli unahitajika kwa sababu nyingine pia. Kutapika mara kwa mara hushusha potasiamu mwilini, na upungufu huo huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kabla ya dawa ya usingizi au upasuaji mrefu, daktari anapaswa kujua. Hiyo ndiyo sababu inayofaa kuelezwa mgonjwa waziwazi, pamoja na jina la mtaalamu wa afya ya akili atakayempokea iwapo ataridhia. Na faili? Katika mji mdogo, anayepanga mafaili anaweza kuwa jirani au shemeji. Kwa kazi ya meno yatosha kuandika mmomonyoko wa asidi ya tumbo na kiwango chake; neno bulimia liandikwe kwa idhini ya mgonjwa, baada ya kuambiwa ni nani watakaolisoma.