Wafumaji wa Lesi Jukwaani: Kutoka Wimbo wa Orsino hadi Barabara ya Chioggia

Katika tamthilia za Ulaya za karne ya 17 na ya 18, lesi ilionekana jukwaani kwa wingi, lakini ilionekana shingoni na mikononi mwa wavaaji. Aliyeifuma alibaki nyuma ya pazia. Jambo hili si la ajabu sana, kwa kuwa lesi ilikuwa alama ya utajiri, na michezo mingi ilihusu wenye utajiri huo. Hata hivyo, pale pachache mfumaji alipotajwa au kuonekana, namna alivyochorwa hudhihirisha nafasi ambayo kazi ya mikono ilipewa katika sanaa ya maigizo.

Katika Twelfth Night ya William Shakespeare, mchezo ulioigizwa mbele ya wanasheria wa Middle Temple, London, tarehe 2 Februari 1602, Mtawala Orsino anaagiza wimbo wa kale. Anausifu kwamba ni wimbo wa wanawake wa kazi za uzi, wakiwamo wasichana wafumao kwa mifupa. Mifupa hiyo hueleweka kuwa vijiti vya kuzungushia uzi wa lesi, ambavyo zamani vilichongwa kwa mifupa. Orsino anautaka wimbo wao. Wao wenyewe hawamhusu. Wimbo unaimbwa na Feste, mchekeshaji, na wafumaji hawaonekani tena.

Msomaji wa Kiswahili ameizoea Venisi kupitia Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1969. Venisi hiyo ni ya majahazi, mikopo na mahakama. Kusini mwa Venisi kuna mji wa wavuvi uitwao Chioggia, na huko ndiko Carlo Goldoni alikoweka tamthilia yake Le baruffe chiozzotte, yaani Magomvi ya Chioggia, iliyoigizwa mara ya kwanza Venisi mwaka 1762. Goldoni hakuubuni mji huo. Katika ujana wake, miaka ya 1720, alikuwa msaidizi katika ofisi ya mahakama ya jinai ya hapo.

Pazia linapofunguliwa, wanawake watano wameketi barabarani juu ya viti vya majani, kila mmoja na mto wake wa kufumia lesi: Pasqua na Lucietta upande mmoja, Libera, Orsetta na Checca upande wa pili. Waume, kaka na wachumba wako baharini. Jambo la kwanza kuulizwa ni hali ya hewa, kisha kama upepo unawafaa wanaorejea. Hadhira ya pwani ya Afrika Mashariki, iliyokua ikisikia habari za kusi na kaskazi, na iliyowaona wanawake wakisuka ukili barazani, haihitaji maelezo zaidi. Hata msamiati wa Kiswahili unaliona jambo hili: neno kimia ni jina la lesi, tena ni jina la wavu wa kutupa. Katika Chioggia ya Goldoni, mke ana kimia chake na mume ana chake.

Lakini uhodari mkubwa wa mwandishi uko katika kuitumia kazi yenyewe kujenga mazungumzo. Lesi ya mtoni hufungamanisha mikono na macho, huku ikiuacha mdomo huru. Mfumaji hawezi kuinuka ovyo, hivyo kila neno linalorushwa kutoka upande wa pili lazima alipokee akiwa palepale kitini. Sentensi zinakuwa fupi na zinagongana. Mapema kabisa wasichana wanalinganisha bei ya kazi zao kwa kipimo cha mkono: mmoja anafuma lesi ya kawaida, mwenzake anajigamba kwa ya ghali. Bei inatajwa waziwazi, nao ushindani wa mapenzi unafuata njia ileile. Toffolo, mwenye mashua, anakaa karibu na Checca, kisha anahamia kwa Lucietta na kumnunulia boga la kuokwa. Boga hilo linatosha kuwafanya wanaume, wakisharudi, washike mawe na visu.

Goldoni aliandika kwa lahaja ya Chioggia, isiyokuwa sawa na ile ya Venisi, na katika dibaji alitetea uamuzi wake wa kuwachora watu wa tabaka la chini: majumba ya michezo ya Italia yaliingiwa na watu wa kila daraja, hata mvuvi maskini, naye alistahili kujiona. Johann Wolfgang von Goethe alipoutazama mchezo huo Venisi mwezi Oktoba 1786, alivutiwa na furaha ya watazamaji waliojitambua jukwaani.

Pamoja na hayo, Goldoni anaikatiza hoja ya malipo mapema mno. Wanawake hutoka tena na mito yao katika tendo la pili, lakini sasa kinachozungumzwa ni uchumba tu, na mwisho ni ndoa tatu zinazopatanishwa na Isidoro, msaidizi wa mahakama. Hakuna anayeuliza lesi ile ya ghali ilivaliwa na nani. Lucietta ndiye anayebaki na wasiwasi wa namna watakavyosimuliwa: anamsihi Isidoro, ambaye ni mgeni, asije akaeneza kwamba wanawake wa Chioggia ni wagomvi. Naye anayasema hayo ndani ya mchezo ambao tayari umeitwa kwa jina la magomvi yao.