Geometry Dash

Geometry Dash ni mchezo wa video wa kuruka vikwazo kwa kufuata mdundo wa muziki. Uliundwa na Robert Topala wa Sweden na kutolewa na kampuni yake ndogo, RobTop Games, tarehe 13 Agosti 2013 kwa ajili ya simu za iOS na Android. Toleo la kompyuta lilifuata kupitia Steam mwezi Desemba 2014. Mchezaji huongoza mchemraba unaokwenda wenyewe kutoka kushoto kwenda kulia bila kusimama. Kazi yake ni moja tu, kugusa skrini au kubonyeza kitufe kwa wakati wake, ili mchemraba uruke miiba na kutua salama juu ya matofali. Ukigonga kikwazo unapasuka, wimbo unakatika, na vyote viwili huanza upya. Hakuna maisha ya akiba, na aliyeishia asilimia 98 ya hatua hahesabiwi kuwa ameikamilisha. Mchezo wenye amri chache kiasi hiki ulitarajiwa uchoshe mapema. Badala yake umeishi zaidi ya muongo mmoja, na karibu vyote vinavyochezwa ndani yake leo vimetengenezwa na wachezaji wenyewe. Makala hii inashikilia kwamba uchache huo wa amri ndio uliowawezesha wachezaji kuwa watunzi, na kwamba sheria moja ya uchapishaji ndiyo iliyoufanya utunzi wao uaminike.

Msingi wa hoja ni hesabu. Kwa kuwa mchezaji hawezi kuuharakisha mchemraba wala kuusimamisha, mahali na wakati vinakuwa kitu kimoja. Kwa kasi ya kawaida mchemraba hupita matofali kumi na kitu kila sekunde; mwiba uliowekwa kwenye tofali la 500 hufikiwa katika sekunde ya 48, kwa kila mchezaji na katika kila jaribio. Anayejua pigo la ngoma linaangukia sekunde gani anajua pia aweke kikwazo wapi. Malango ya kasi, ambayo ni ya aina tano, hubadilisha kipimo hicho lakini hayakivunji, kwa sababu nayo yamewekwa mahali maalumu na humpata kila mtu pale pale. Malango mengine huugeuza mchemraba kuwa chombo kinachopaa kidole kikishikilia na kushuka kikiachia, mpira unaobadili mvutano kati ya sakafu na dari, kisahani kinachorukaruka hewani, wimbi linalokata njia kwa mshazari, roboti ambayo mruko wake hurefuka kadiri kitufe kinavyoshikiliwa, au buibui anayehamia darini papo hapo. Maumbo yote hayo huongozwa kwa kitendo kile kile kimoja. Kinachobadilika ni maana ya kubonyeza, na mchezaji husoma maana hiyo kwa jicho na sikio huku akisonga.

Hapa ndipo mchezo huu unapoachana na ndugu zake. Katika mchezo wa kawaida wa kuruka, mtengenezaji wa hatua hajui mchezaji atafika ukingoni akikimbia au akitembea, atarudi nyuma au atasubiri adui apite. Lazima akisie tabia nyingi za watu asiowajua, na ndiyo maana kazi hiyo kwa kawaida huachiwa wataalamu. Katika Geometry Dash maswali hayo yamejibiwa kabla hajaanza. Kihariri cha hatua kimo ndani ya mchezo tangu toleo la kwanza, na humpa mchezaji matofali, miiba na malango yale yale ambayo hatua rasmi zimejengwa kwayo. Hata muziki umetoka kisima kimoja. Hatua ya kwanza, Stereo Madness, imejengwa juu ya wimbo wa ForeverBound, na nyingine nyingi juu ya nyimbo za DJVI, Waterflame wa Norway, DJ-Nate na F-777, watunzi waliojulikana kupitia Newgrounds, tovuti ya Marekani iliyoanzishwa na Tom Fulp. Baadaye wachezaji nao waliruhusiwa kutumia nyimbo za Newgrounds katika hatua zao. Kwa hiyo mchezaji aliyeketi mbele ya kihariri alikuwa na zana zinazokaribia sana zile za Topala mwenyewe.

Zana peke yake hazitoshi, kwa maana anayeweza kujenga chochote anaweza pia kujenga kisichopitika. Dawa ya hatari hiyo ni sheria ya uthibitisho. Hatua haiwezi kuwekwa kwenye seva ili wengine waicheze mpaka iwe imekamilishwa kutoka mwanzo hadi mwisho katika hali ya kawaida, bila vituo vya mazoezi. Matokeo yake ni makubwa kuliko sheria yenyewe inavyoonekana. Mchezaji aliyeanguka mara elfu mahali pamoja ana dhamana kwamba kuna binadamu aliyepita pale kabla yake, na kwa hiyo kosa analitafuta kwenye vidole vyake. Mtunzi naye analazimika kuonja alichokipika, maana kila ukatili anaouweka ni saa za taabu kwake au kwa mwenzake aliyekubali kumthibitishia. Ugumu usio na dhamana huonekana kuwa dhuluma, na watu huuacha. Ukiwa na dhamana huwa mtihani, na mtihani huvuta watu.

Ushahidi wa nguvu ya mpango huu ni miaka ambayo mwenye mchezo alikuwa kimya. Toleo la 2.1 lilitoka Januari 2017, na lililofuata kwa ukubwa, 2.2, likatoka Desemba 2023. Kwa karibu miaka saba hatua kuu rasmi zilibaki 21. Mchezo ulioegemea kazi ya mwenyewe peke yake ungesahaulika katika kipindi hicho, lakini huu uliendelea kuzaa mitindo, mabingwa na mabishano. Mitindo ilikuwa imeanza kuzaliwa mapema zaidi. Hatua iitwayo Nine Circles, ya mtunzi anayejiita Zobros, ilikuwa na kipande cha wimbi chenye mwanga unaometameta kwa kufuata pigo. Wengine wakakiiga, wakakikaza na kukipindua, mpaka ikatokea jamii nzima ya hatua zinazotambulika kwa jina hilo. Bloodbath ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Riot na kujengwa kwa mikono ya watunzi wengi juu ya wimbo wa Dimrain47, ikawa kwa miaka mingi kipimo cha mtu anayedai kuwa mchezaji hodari. Hali hii haitakuwa ngeni kwa anayejua malumbano ya washairi wa arudhi. Mizani na vina vikishakubaliwa na wote, mtunzi wa Lamu anaweza kumjibu wa Tanga bila kuelewana upya juu ya kanuni, na msikilizaji anatambua mara moja aliyeteleza. Vivyo hivyo, kitufe kimoja na mwendo usiobadilika viliwapa wachezaji wa nchi mbalimbali kipimo cha pamoja cha kujibizana.

Pingamizi la kwanza linasema kwamba mchezo wenyewe si wa asili. The Impossible Game, uliotolewa na FlukeDude mwaka 2009, tayari ulikuwa na mchemraba unaoruka miiba kwa kitendo kimoja huku muziki ukipigwa, na kuanguka kulimrudisha mchezaji mwanzo. Deni hilo ni la kweli na halina haja ya kufichwa. Lakini linaimarisha hoja badala ya kuiangusha. Kama mchemraba na miiba ndivyo vilivyokuwa siri ya maisha marefu, mchezo wa kwanza ndio ungekuwa na jumuiya kubwa ya watunzi. Alichoongeza Topala ni maumbo mengi yanayotawaliwa na kitufe kile kile, pamoja na kihariri kilichofungamana na seva ya kubadilishana hatua, na hayo ndiyo yaliyozaa matunda.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba huu si mchezo wa mdundo kwa haki. Michezo ya mdundo hupima umbali kati ya kidole na pigo, kisha hutoa alama. Geometry Dash haisikilizi wimbo hata kidogo. Inajua tu kama mchemraba umegonga kitu. Mtu anaweza kuzima sauti na bado akashinda, na mtunzi mzembe anaweza kuweka wimbo usiohusiana kabisa na vikwazo vyake. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, kwa kuwa programu hailazimishi ulinganifu, ulinganifu umekuwa sanaa ya mtunzi, na wachezaji wanaidai na kuisifu inapopatikana. Zipo hatua zinazojiendesha zenyewe, zilizowekwa katika daraja la Auto, ambamo mchezaji haguswi na wajibu wowote isipokuwa kutazama mchemraba ukirushwa kutoka pigo hadi pigo. Hatua kama hizo zisingekuwa na maana kama mdundo ungekuwa pambo la pembeni. Wimbo ni ramani aliyoichora mtunzi, na ubora wa ramani hupimwa na anayesafiri nayo.

Wengine husema kwamba ustadi unaosifiwa hapa ni kukariri tu. Hatua haibadiliki, hivyo anayeirudia mara nyingi vya kutosha ataishinda kama mtoto anayeshika jedwali la kuzidisha. Ni kweli kwamba kumbukumbu ni nusu ya kazi, lakini ni kumbukumbu ya mwili, na muziki ndio unaoibeba. Hali ya mazoezi huliweka jambo hili wazi. Kwa miaka mingi mchezaji aliyeweka vituo vya mazoezi alisikia wimbo mwingine, Stay Inside Me wa OcularNebula, badala ya wimbo wa hatua yenyewe. Wachezaji walitaka wimbo halisi usikike hata wanapofanya mazoezi, na hatimaye wakaupata, kwa sababu vidole vilivyofunzwa bila wimbo vilipotea wimbo uliporudi. Zaidi ya hayo, kujua la kufanya na kulifanya kwa usahihi wa sehemu ndogo ya sekunde, mara mia mbili mfululizo, bila moyo kuyumba ukikaribia mwisho, ni mambo mawili tofauti. Mpiga kinanda naye hukariri, wala hatumwiti asiye na ustadi.

Pingamizi jingine linahusu ubora. Nambari za utambulisho wa hatua zimekwisha kupita milioni 100, na hata ukiondoa zilizofutwa, sehemu kubwa ya zilizobaki ni majaribio ya wanaoanza ambayo hakuna atakayeyakumbuka. Je, hiyo ni fasihi ya wachezaji au ni jalala? Jibu ni kwamba wingi huo una chujio. Wasimamizi hupendekeza hatua zinazostahili, na Topala ndiye mwenye neno la mwisho la kuzipa nyota na daraja la ugumu, kuanzia Easy hadi Demon, ambalo nalo limegawanywa mara tano mpaka kufikia Extreme. Chujio hilo lina kasoro. Ni jembamba, hutegemea ladha ya wachache, na hatua nzuri ya mtunzi asiyejulikana inaweza kupita bila kuonwa. Hata hivyo wachezaji wameunda vipimo vyao wenyewe pembeni, kama orodha ya Pointercrate, inayopanga hatua ngumu kuliko zote na kudai ushahidi wa video yenye sauti ya mibonyezo kabla ya kumkubali mtu. Jumuiya inayojiwekea mahakama ya namna hiyo inaonyesha kwamba inachokihukumu kina thamani machoni pake.

Uwepo wa mahakama hiyo unakiri kwamba dhamana ya uthibitisho huvunjwa. Wapo waliotumia programu za kupunguza kasi au za kupita ndani ya vikwazo ili kuthibitisha hatua wasizoziweza. Kabla ya toleo la 2.2, hesabu za mwendo pia zilifuata idadi ya picha ambazo kifaa huonyesha kwa sekunde, kwa hiyo mwenye kompyuta ya kasi alipata nafasi ambazo mwenye simu ya kawaida hakuzipata. Tena katika miradi mikubwa, anayejenga mifupa ya hatua, anayeipamba na anayeithibitisha ni watu tofauti, na ule wajibu wa mtunzi kuonja kazi yake huhamishiwa kwa mwingine. Mambo haya yanadhoofisha sheria bila kuifuta. Hasira inayozuka kila udanganyifu unapogunduliwa inatokana na imani kwamba sheria hiyo ndiyo mkataba wa mchezo, na toleo la 2.2 lilipoziweka hesabu za mwendo katika kipimo kimoja kwa vifaa vyote, lilikuwa linaurekebisha mkataba huo huo.

Swali gumu kuliko yote limeletwa na toleo hilo hilo. Liliongeza hali ya jukwaa, ambamo mchezaji huenda kushoto na kulia kwa hiari yake, pamoja na uwezo wa kuongoza kamera na vichocheo vingi vinavyoruhusu mtunzi kutengeneza michezo ya aina nyingine ndani ya mchezo. Katika hali hiyo mahali na wakati vimetengana, na mkimbiaji anaweza kusimama wakati wimbo unaendelea. Basi kama ukomo ndio uliokuwa nguvu, je, kuuondoa si kuua mchezo? Ukitazama kwa makini, hali ya jukwaa imewekwa kando ya ile ya zamani, na zawadi zake huhesabiwa kwa alama za mwezi mahali pa nyota. Waliojifunza utunzi ndani ya mipaka finyu ndio walioingia katika uwanja mpana wakiwa na lugha tayari, na sheria ya uthibitisho wamekuja nayo. Lakini hoja hii inatoa pia onyo. Hatua ya jukwaa hurudisha maswali yote ambayo mwendo usiobadilika ulikuwa umeyajibu, kwa hiyo inahitaji mtunzi aliyekomaa zaidi, na anayeanza leo moja kwa moja upande huo atakosa shule ambayo watangulizi wake waliipata bila kujua. Hali ya zamani ikiachwa bila matunzo, mchezo utaendelea kuwa na watunzi mahiri kwa muda, ila utapoteza njia iliyowatengeneza.