Ndege ametua, ndege imetua

Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la kisiasa enzi za Kamuzu Banda. Wakongo na Warundi wengi humo huzungumza Kiswahili, na Chichewa wakajifunza kwa majirani. Hapo nomino ndege humtatiza mwanafunzi.

Kiswahili hutofautisha kwa upatanisho tu: ndege wetu ametua mtini, ndege yetu imetua uwanjani. Mchewa hana shida hiyo. Kwake kiumbe ni mbalame. Ndege ni chombo kitokacho uwanja wa Kamuzu, Lilongwe, ambako wakimbizi wengi waliopewa makazi ng'ambo walipandia.

Neno hilo Chichewa kimelikopa kutoka Kiswahili, lakini lini? Waswahili walikuwako Nkhotakota tangu karne ya 19, chini ya akina Jumbe, ila eropleni haikuwako. Kwa hiyo mkopo ni wa karne ya 20. Sisi twaelekea kuwafikiria askari wa Nyasaland katika King's African Rifles, waliotumikia Afrika Mashariki katika vita vyote viwili vya dunia. Kiswahili kilikwisha kukipa chombo jina la kiumbe. Chichewa, chenye mbalame wake, kikachukua chombo peke yake. (Ndege wa mkosi, na degedege ya watoto, havikuvuka mpaka.)

Basi mtoto wa Dzaleka akiandika "ndege imetaga", kalamu nyekundu haitoshi. Mwalimu aandike ubaoni mbalame kando ya ndege, kisha afundishe viambishi.