Vyeti vya ajaili: Mwongozo kwa watengenezaji programu wa Kwale

VIJANA wa Kwale wanaohitimu masomo ya tarakilishi hukutana na neno moja kila mara wanaposoma matangazo ya kazi: ajaili. Waajiri humtaka mtengenezaji programu anayeufahamu utaratibu huo wa kazi, na baadhi yao huongeza kwamba mwombaji mwenye cheti atapewa kipaumbele.

Kwa familia ya Msambweni au Kinango inayochanga karo, suala hili si dogo. Ada za vyeti hivyo hutozwa kwa dola, na mafunzo ya siku 2 huenda yakagharimu kuliko karo ya muhula mzima katika chuo cha kiufundi. Makala haya yanaeleza ajaili ni nini, vyeti vyake hutolewa na nani, vinapima nini, na ni wakati gani vinastahili gharama hiyo.

Maana ya ajaili

Neno hilo limetoholewa kutoka Kiingereza, na maana yake ni wepesi: hali ya mtu anayeweza kugeuka ghafla bila kuanguka. Katika utengenezaji wa programu, ajaili ni utaratibu wa kufanya kazi kwa hatua fupi, kumwonyesha mteja sehemu iliyokamilika, kusikiliza maoni yake na kurekebisha mpango kabla ya kuanza hatua inayofuata.

Wapo wanaodhani kwamba lengo ni kumaliza kazi upesi. Sivyo. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na waasisi wa ajaili hawakulipinga hilo. Lengo lao lilikuwa kuligundua kosa mapema, wakati kulirekebisha bado ni rahisi.

Kabla ya hapo, miradi mingi mikubwa ilifuata mkondo mmoja. Mahitaji yote yaliandikwa kwanza, kisha programu ikasanifiwa, ikaundwa, na mwishowe ikafanyiwa majaribio. Mteja aliiona kazi mwishoni. Aghalabu ilibainika kwamba alichokiomba mwanzoni sicho alichokihitaji, na fedha zilikuwa zimekwisha.

Chimbuko

Mnamo Februari 2001, wataalamu 17 walikutana Snowbird, katika milima ya jimbo la Utah, Marekani. Miongoni mwao walikuwepo Kent Beck, Martin Fowler, Ken Schwaber na Jeff Sutherland. Walitoa tamko fupi lenye nguzo 4 na kanuni 12. Kwa ufupi, walitanguliza watu na mawasiliano mbele ya taratibu na vifaa, programu inayofanya kazi mbele ya nyaraka nyingi, ushirikiano na mteja mbele ya mabishano ya mkataba, na uwezo wa kukubali mabadiliko mbele ya kung'ang'ania mpango.

Kenya ina mfano wake wa fikra hizo, ijapokuwa haukupewa jina la ajaili. Huduma ya M-Pesa ilipofanyiwa majaribio kuanzia mwaka 2005, ilikusudiwa hasa kuwawezesha watu kupokea na kulipa mikopo midogo kwa rununu. Waliohusika waligundua kwamba wateja walikuwa wakiitumia kutumiana pesa. Badala ya kuwalazimisha warudi kwenye mpango wa awali, kusudi la huduma lilibadilishwa. Ilipozinduliwa Machi 2007, ilitangazwa kuwa njia ya kutuma pesa nyumbani.

Scrum

Ipo mitindo kadhaa ya ajaili. Unaotajwa zaidi ni Scrum, ambao Schwaber na Sutherland waliuwasilisha kwa wataalamu wenzao mwaka 1995. Jina lilitokana na mchezo wa raga, wachezaji wanaposhikamana kuugombea mpira.

Kwa mujibu wa mwongozo rasmi wa mwaka 2020, kikundi cha Scrum kwa kawaida huwa na watu wasiozidi 10. Mmoja ni mwenye bidhaa, anayeamua kipi kitangulie. Mwingine ni mlezi wa Scrum, anayehakikisha utaratibu unaeleweka na vikwazo vinaondolewa. Waliosalia ni watengenezaji. Kazi hugawanywa katika vipindi viitwavyo sprinti, ambavyo havizidi mwezi mmoja. Kila siku watengenezaji hukutana kwa dakika 15. Sprinti inapokwisha, kazi huonyeshwa kwa wahusika, kisha kikundi hujikosoa chenyewe.

Mwongozo huo hauna malipo, na mtu yeyote anaweza kuupata kwenye mtandao na kuusoma kwa siku moja. Hili ni jambo la kukumbukwa na kila anayeombwa pesa ili afundishwe Scrum.

Mtindo mwingine, uliofafanuliwa na Kent Beck katika kitabu cha mwaka 1999, hujulikana kwa kifupi cha XP. Wenyewe hugusa ufundi moja kwa moja: kuandika majaribio kabla ya programu, watu wawili kuketi kwenye tarakilishi moja, na kuunganisha kazi za wote mara nyingi kwa siku.

Vyeti na watoaji wake

Hakuna serikali wala chombo kimoja cha dunia kinachosimamia vyeti vya ajaili. Hutolewa na mashirika mbalimbali, na masharti yao hutofautiana.

Scrum Alliance, lililoasisiwa 2001, hutoa cheti cha CSM kwa walezi wa Scrum. Mtahiniwa ni sharti ahudhurie mafunzo ya mkufunzi aliyeidhinishwa, ambayo kwa kawaida huchukua siku 2. Mtihani una maswali 50 ya kuchagua jibu, na anayepata 37 amefaulu. Cheti hudumu miaka 2. Kukihuisha hulipiwa dola 100, pamoja na kuthibitisha saa 20 za kujiendeleza. Shirika hilo lilianzisha pia cheti cha CSD kwa ajili ya watengenezaji.

Scrum.org lilianzishwa na Schwaber mwaka 2009, baada ya kuachana na Scrum Alliance. Cheti chake cha PSM ni cha walezi, na PSD ni cha watengenezaji. Mtihani wa ngazi ya kwanza una maswali 80 kwa dakika 60, na alama ya kufaulu ni asilimia 85. Si lazima kuhudhuria darasa, na cheti hakiishi muda. Kwa kijana asiye na fedha za kusafiri wala za kulipia mkufunzi, tofauti hiyo ni kubwa.

PMI, shirika la wasimamizi wa miradi, lilianzisha cheti cha PMI-ACP mwaka 2011. Hiki hudai mtahiniwa awe na uzoefu wa kazi, hivyo hakimfai aliyetoka chuoni jana.

Kinachopimwa

Mitihani mingi kati ya hiyo ni ya kuchagua jibu. Inapima iwapo mtahiniwa anazijua kanuni, istilahi na majukumu. Cheti cha PSD huenda mbele kidogo kwa kuuliza kuhusu mbinu za majaribio na usanifu. Hata hivyo, mtahiniwa haketi mbele ya wasahihishaji na kuunda programu, wala hakabiliani na mteja aliyebadilisha nia katikati ya kazi.

Manung'uniko kuhusu biashara ya vyeti yametoka hata kwa waasisi. Dave Thomas, mmoja wa wale 17 wa Snowbird, aliandika mwaka 2014 kwamba neno ajaili limegeuzwa bidhaa ya kuuzwa na washauri na kupoteza maana yake ya asili.

Hii haina maana kwamba vyeti ni bure. Kampuni kubwa inapopokea maombi mengi, cheti humsaidia mwajiri kuchuja, na kikundi kipya hurahisishiwa kazi wote wanapotumia istilahi zile zile. Kosa ni kudhani kwamba karatasi hiyo yaweza kuziba pengo la ufundi.

Mfumo wa Kenya

Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2013 ya elimu na mafunzo ya kiufundi iliunda mamlaka ya TVETA, inayosajili na kukagua vyuo, pamoja na baraza la TVET CDACC, linaloandaa mitaala na kutahini. Sheria nyingine ya mwaka 2014 iliunda KNQA, inayopanga sifa zote za kielimu katika ngazi 10.

Mafunzo yanayozingatia umilisi humtaka mwanafunzi akusanye ushahidi wa kazi alizozitenda. Mtahini huamua iwapo amehitimu au bado. Kwa hiyo cheti cha taifa cha fundi wa teknolojia ya habari na cheti cha ajaili hupima mambo tofauti. Cha kwanza huuliza mtu anaweza kutenda nini. Cha pili, kama anajua namna ya kufanya kazi na wenziwe. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine, na anayeweza kumudu kimoja tu aanze na cha kwanza.

Hali ya Kwale

Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichopata hadhi kamili mwaka 2013, kina bewa Kwale. Mjini Mombasa, kituo cha Swahilipot kimekuwa kikiwakutanisha vijana wa teknolojia na sanaa tangu 2016. Mpango wa serikali wa Ajira Digital, ulioanza mwaka huo huo, ulilenga kuwafundisha vijana kazi za mtandaoni. Serikali ya kaunti nayo, tangu enzi za gavana wa kwanza Salim Mvurya, imelipia wanafunzi karo kupitia basari ya Elimu ni Sasa.

Haja ya kazi mpya ni bayana. Kampuni ya Base Titanium ilikomesha uchimbaji wa madini Kwale Desemba 2024, baada ya zaidi ya miaka 10. Utalii wa Diani nao hupanda na kushuka kwa misimu, na pepo za kusi zinapovuma vyumba vingi hubaki vitupu.

Hoteli hizo hizo ndizo shule bora ya ajaili. Kijana anayetaka kujifunza hahitaji kampuni ya Nairobi. Nyumba ndogo ya wageni yenye vyumba 6, inayoandika nafasi za wageni kwenye daftari, yatosha. Katika sprinti ya kwanza ya wiki 2, ataunda ukurasa wa kuonyesha vyumba vilivyo wazi, basi. Atamwonyesha mwenye nyumba, naye huenda akasema anachohitaji zaidi ni kujua nani amelipa kwa M-Pesa. Hapo orodha ya kazi itapangwa upya. Baada ya sprinti 5, kijana atakuwa na programu inayotumika, majaribio yaliyoandikwa, na mteja anayeweza kupigiwa simu na mwajiri.

Wakazi wa Gazi na Makongeni, huko Msambweni, wanaelewa vyema maana ya uthibitisho. Mradi wao wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni tangu 2013 chini ya viwango vya Plan Vivo. Cheti chake kina thamani kwa sababu mikoko yenyewe hupimwa na kutolewa ripoti. Siku msitu ukitoweka, karatasi haitamsaidia mtu.

Maswali ya kuuliza

Kabla ya kulipa, mwanafunzi ajiulize yafuatayo. Je, cheti hiki kinatajwa katika matangazo ya kazi anazozitaka, au kinatajwa na muuzaji wa mafunzo pekee? Je, mtihani waweza kufanywa bila darasa? Kitaisha lini, na kukihuisha ni kiasi gani? Mkufunzi amewahi kuunda programu inayotumika, na jina lake lipo kwenye orodha ya shirika linalotoa cheti? Chuo chenyewe kimesajiliwa na TVETA?

La mwisho ndilo zito zaidi: iwapo mwajiri ataomba kuona kazi, ipo ya kumwonyesha? Ikiwa haipo, fedha za cheti zitafaa zaidi kununulia tarakilishi na muda wa mtandao. Cheti kitafuata, na pengine kitalipiwa na mwajiri mwenyewe. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.