"Imethibitishwa maabara": dawa za upara hupimwaje?

Anayevusha makasha ya dawa za nywele mpakani hukutana na maneno "imethibitishwa maabara" mara kwa mara. Muulize msambazaji: imethibitishwa kwa nani? Kwa panya, kwa kima, au kwa mtu?

Panya ndiye anayetumika zaidi. Panya weusi wa aina ya C57BL/6 wanapendwa kwa sababu ngozi yao huwa ya waridi nywele zikipumzika, na hugeuka nyeusi zinapoanza kuota. Mtafiti hunyoa mgongo, hupaka dawa, kisha huangalia rangi. Tatizo ni kwamba nywele za panya huota kwa pamoja, wakati kwa binadamu kila unywele una ratiba yake. Tena panya hapati ule upara wa kurithi wa wanaume. Dawa iliyofanya vizuri mgongoni mwa panya inaweza isimfae kabisa mteja wako wa dukani.

Kima wa Asia mwenye mkia mfupi, Macaca arctoides, yuko karibu zaidi nasi, kwani naye hupata upara akikomaa. Alitumika kupima minoksidili nchini Marekani miaka ya 1980. Dawa hiyo ilianza kama vidonge vya shinikizo la damu. Wagonjwa wakaota nywele mwilini, na mwaka 1988 ikaidhinishwa huko kama dawa ya kupaka kwa wanaume.

Zipo pia njia zisizohitaji mnyama. Mwaka 1990 watafiti wa Uingereza walichukua vinyweleo kutoka ngozi ya binadamu, wakaviweka hai kwenye vyombo vya maabara, na nywele zikaendelea kurefuka kwa siku kadhaa. Mwaka 2020 watafiti nchini Marekani walikuza vipande vidogo vya ngozi yenye nywele kutokana na seli shina za binadamu.

Mafanikio makubwa yalitokana na panya wa C3H/HeJ. Baadhi yao hupata wenyewe upara wa mabaka, yaani kinga ya mwili hushambulia vinyweleo. Mwaka 2014 watafiti wa Columbia University, akiwemo Angela Christiano, walionyesha kuwa dawa zinazozuia vimeng'enya vya JAK ziliwarudishia nywele. Mwaka 2022 baricitinib, ya kundi hilo, ikaidhinishwa Marekani kwa watu wazima wenye upara mkali wa aina hiyo. Haikuidhinishwa kwa upara wa kurithi, na ina onyo la maambukizi makali. Si bidhaa ya kuuza rejareja sokoni.

Kwa wasafirishaji: minoksidili na finasteride ni dawa. Tanzania, tangu mwaka 2019, dawa ziko chini ya TMDA na vipodozi viko TBS. Kenya dawa husimamiwa na Pharmacy and Poisons Board, Uganda na NDA. Chupa ikiandikwa "mafuta ya nywele" huku minoksidili imetajwa kwenye viambato, wasiliana na wakala wako wa forodha kabla ya kupakia.