Maua Mbele ya Kamera

Picha za kwanza za mimea hazikuhitaji kamera. Katika miaka ya 1830, huko Lacock, Uingereza, William Henry Fox Talbot alilaza majani na maua juu ya karatasi iliyopakwa chumvi na naitreti ya fedha, akaiweka juani. Palipofunikwa na mmea pakabaki peupe. Picha hizo zina uzuri wake, lakini waridi bila wekundu ni nusu ya waridi. Rangi ilifika sokoni mwaka 1907, ndugu Lumière wa Ufaransa walipouza vioo vya otokromu, vilivyotandazwa chembe ndogo mno za wanga wa viazi zilizotiwa rangi. Kioo hicho kilihitaji mwanga wa sekunde kadhaa, kwa hiyo maua yalipigwa picha vizuri mchana wa kiangazi usio na upepo.