Osiloskopu Haikuanza Kuwa Mali ya Maabara

Wasee, kuna maneno yamezoeleka sana kati ya watu wa elektroniki hapa Kenya na yamenichosha: ati osiloskopu ni kitu cha maabara ya chuo, na hako kadude ka mkononi kanachobeba osiloskopu, kipima vipuri na jenereta ya mawimbi pamoja ni mchezo wa watoto. Kama huna ile kubwa ya mezani, unaambiwa, kaa na mita yako utulie. Napinga. Ukifuata historia ya hii mashine utaona kwamba kila mara iliposonga mbele, kuna mtu alikuwa anaitoa ndani kuipeleka mahali kazi iko.

Kwanza tuelewane shida ilikuwa nini. Mita inakupa namba, basi. Stima yetu hapa inapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, yaani wimbi moja linaisha ndani ya milisekunde 20. Mita inakwambia volti 240, lakini ncha ya hilo wimbi inafika karibu 340, na umbo lake huwezi kulijua. Chukua inveta ya sola ya bei nafuu. Mita inaweza kukupa namba ya kuridhisha kabisa, na feni bado inanguruma na kupata moto, kwa sababu kinachotoka hapo si wimbi laini bali ni ngazi. Ngazi huioni kwa namba. Ni lazima uichore.

Wazee wa karne ya 19 walikuwa na shida hiyo hiyo. Mwaka 1893 Mfaransa André Blondel alitengeneza kifaa chenye kioo kidogo sana kilichotikiswa na mkondo wa umeme. Kioo kinarusha mwanga, mwanga unachora kwenye karatasi ya picha. Ilifanya kazi, lakini kioo kina uzito, na kitu chenye uzito hakiwezi kukimbia na umeme wa kasi. Hapo palihitajika kalamu isiyo na uzito wowote wa kuhesabika.

Mwaka 1897, huko Strasbourg, wakati huo mji ukiwa chini ya Ujerumani, Karl Ferdinand Braun akaipata. Aliunda bomba la kioo lililotolewa hewa, akarusha ndani yake mwale wa elektroni, mwisho wa bomba akaweka skrini inayong'aa mwale unapoigonga. Ukipitisha umeme unaotaka kuupima kwenye koili kando ya bomba, ile nukta ya mwanga inapanda na kushuka nao. Lakini ilikuwa inapanda na kushuka tu pahali pamoja! Ili aone wimbi likijitandaza, Braun alilazimika kuangalia skrini kupitia kioo kinachozunguka. Msaidizi wake, Jonathan Zenneck, ndiye mwaka 1899 alifanya nukta yenyewe itembee kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa mwendo sawa. Ule mstari wa muda unaouona leo kwenye kila osiloskopu, hata ya bei ya chini kabisa, babu yake ni huyo.

Sasa sikiza hii, maana ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Braun hakulifungia lile bomba kwa hataza. Alilichapisha, na yeyote aliyetaka angeweza kuliunda. Mwaka 1909 alipata Tuzo ya Nobel, akigawana na Marconi, na hata haikuwa kwa ajili ya bomba, ilikuwa kwa kazi ya simu za upepo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza alivuka bahari hadi New York kutoa ushahidi kwenye kesi ya hataza, kampuni ya Marconi ikibishana na kituo cha redio cha Wajerumani kilichokuwa Sayville. Marekani ikaingia vitani 1917, mzee akakwama huko. Akafia Brooklyn mwaka 1918 bila kurudi nyumbani. Mtu aliyetoa bomba bure alimalizia maisha yake ugenini kwa sababu ya kesi ya nani anamiliki nini. Mimi hiyo bado haijanitoka kichwani.

Miaka ya katikati tuipite haraka. Mabomba yaliboreshwa, yakadumu zaidi, kampuni zikaanza kuuza mashine nzima. Lakini mawimbi yalikuwa yanateleza kwenye skrini, unazungusha vifundo hadi mkono uume ndipo picha isimame. Dawa ya hiyo, kwenye mashine ya kuuzwa kwa watu wengi, ilitoka Portland, Oregon. Howard Vollum, aliyekuwa amefanya kazi ya rada wakati wa Vita vya Pili, alianzisha Tektronix pamoja na Jack Murdock, na mwaka 1947 wakatoa modeli 511 kwa dola 795. Mstari wake haukuondoka ovyo. Ulikuwa unangoja wimbi lifike kiwango fulani, halafu ndio unaanza kuchora. Hiyo ndiyo triga. Pia ungeweza kuhesabu miraba kwenye skrini na kusoma muda na volti kwa uhakika, badala ya kukisia.

Na wala haikubaki mezani. Mwaka 1960 kampuni hiyo hiyo ikatoa modeli 321, ya transista na ya kutumia betri. Fundi wa kompyuta alipaswa kwenda kwa mteja, hangeweza kumwambia mteja alete kompyuta iliyojaa chumba kizima. Mwaka 1991 Fluke ikaleta ScopeMeter: osiloskopu na mita ndani ya kasha moja la kushika mkononi, kwa watu wa viwandani. Kwa hivyo ukiambiwa kwamba kuchanganya vifaa kwenye kasha moja ni ujanja mpya wa masoko ya mtandaoni, mwambie huyo msee kwamba wazo hilo lilikuwa kazini kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Sehemu ya kupima vipuri nayo ina hadithi yake. Ile unaweka transista kwenye matundu matatu, unabonyeza, inakuchorea mguu upi ni upi. Ilianza kama mradi wa Mjerumani Markus Frejek, aliyetumia maikrokontrola moja ya bei ndogo na kuweka mchoro na programu wazi kwa kila mtu. Karl-Heinz Kübbeler akauendeleza. Viwanda vikauchukua, na leo unauzwa kila kona ya dunia kwenye vifaa visivyotaja jina la yeyote kati yao. Braun tena, miaka mia moja na zaidi baadaye. Ndiyo maana huniudhi mtu akisema vifaa hivi ni "takataka za bei rahisi". Urahisi huo kuna watu waliutoa mfukoni mwao.

Sasa, kupinga dharau si kusema kadude kanaweza kila kitu. Vingi vya hivi vya tatu-kwa-moja vinaishia kilohezi mia tano hivi. Hiyo inatosha sauti, kapasita zilizochoka kwenye pawa sapulai, mawimbi ya kuendesha mota, sensa, mawasiliano ya polepole kati ya chipu. Haitoshi redio. Na usisome namba iliyo kwenye kasha kama ahadi: kwenye hicho kikomo, wimbi tayari limepungua hadi kama asilimia 70 ya urefu wake halisi, na wimbi la mraba linakuwa limeshalainika hadi unafikiri ni kitu kingine. Kaa mbali na kikomo, mara tano hivi chini yake, picha itakuwa ya kweli.

Na kuhusu stima ya ukutani, tafadhali. Watu wanasema cha betri ni salama kwa sababu hakijaunganishwa na ardhi kama kile cha mezani. Nusu kweli. Ukibana klipu ya probu kwenye waya wenye moto, kila chuma kilicho wazi kwenye kifaa, pamoja na tundu la chaja, kina moto vilevile, na mkono wako uko hapo. Ukikichomeka kwenye kompyuta huku unapima, umeondoa hata ile nusu. Upande wa kwanza wa chaja ya simu una kapasita ya volti mia tatu na kitu ambayo haijali kama umeshachomoa plagi. Tumia probu ya mara kumi, soma kikomo cha volti cha kifaa chako, na kama unaanza leo, anza na betri ya volti 9 na kapasita moja. Utaona ikijaa taratibu kwenye skrini, ule mpindo wenyewe, na hapo utajua mita ilikuwa inakuficha nini.